Kozi ya 'kuhesabu katoni' na dawa zinazokwisha hospitalini

Mzee mmoja wa hapa Embulbul, ambaye nimemtibu kisukari kwa miaka kadhaa, aliingia chumbani mwangu asubuhi moja akiwa na mambo mawili ya kunieleza. La kwanza lilikuwa kiu isiyokatika na kuamka mara tano usiku kwenda msalani. La pili lilikuwa binti yake.

Tulianza na la kwanza. Nilimdunga kidole nikampima sukari, na kipimo kikasoma 19. Msomaji, mtu aliyezoea kukaa kwenye 7 au 8 hapandi hadi 19 kwa sababu ya kikombe kimoja cha chai tamu. Nikamuuliza kama anameza dawa zake. Akajibu upesi kwamba hajaruka hata siku moja. Nilipomwomba anionyeshe, alitoa mfukoni kipande cha gazeti kilichokunjwa vizuri, na ndani yake mlikuwa na tembe za metformin zilizokatwa nusu kwa wembe. Hospitali ya umma anakochukulia dawa ilikuwa imemwambia miezi miwili mfululizo kwamba zimekwisha, arudi baadaye. Akiba aliyokuwa nayo nyumbani ilikuwa ndogo, na bei ya duka la dawa hakuimudu, kwa hiyo alizigawanya ili zimvushe. Aliona aibu kuniambia.

Ndipo akaja kwenye la pili. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na kupata alama za kumwingiza chuo kikuu, na KUCCPS ilikuwa imempa nafasi ya kusomea shahada ya ugavi na uchukuzi, kozi aliyoichagua mwenyewe. Mzee alitaka asomee uuguzi, au angalau ualimu.

"Daktari, wewe anakusikiliza," aliniambia. "Mwambie abadilishe. Nimekubali kuuza ng'ombe wawili mtoto asome, si mtoto aende chuo kikuu akahesabu katoni."

Wakati huo bado nilikuwa nimeshika kile kipande cha gazeti chenye nusu za tembe.

Nakiri kwamba miaka kumi na mitano iliyopita ningemuunga mkono. Katika miaka yote niliyosomea udaktari, sikumbuki saa moja ya darasa tuliyofundishwa jinsi dawa inavyofika kwenye rafu. Tulifundishwa jina lake, kipimo chake, namna inavyofanya kazi mwilini na madhara yake. Tuliandika karatasi, tukaamini kwamba mahali fulani yuko mtu atakayetoa dawa hiyo dirishani. Kazi ya stoo tuliiona ya watu waliokosa pa kwenda.

Kilichonibadilisha mawazo ni usiku mmoja nikiwa daktari mchanga, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mama mmoja alijifungua mtoto wake wa kwanza salama, kisha akaanza kuvuja damu. Dawa ya kukaza tumbo la uzazi ili damu ikome ni oxytocin, na tulikuwa nayo. Tukamdunga. Tumbo likabaki laini kama unga uliokandwa. Tukamdunga tena, tukamsugua tumbo, tukamtundikia maji. Hatimaye tulimkimbiza kwenye hospitali kubwa, akaongezwa damu, na madaktari wa upasuaji wakalazimika kumtoa mji wa mimba ili kuokoa maisha yake. Aliishi. Hakuweza kuzaa tena.

Asubuhi yake nilikwenda stoo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Boksi la oxytocin lilikuwa juu ya rafu, karibu na dirisha linalopigwa na jua la mchana. Tarehe ya kwisha kwake ilikuwa bado. Lakini dawa hii hupaswa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na friji ilikuwa imeharibika kwa muda ambao hakuna aliyeweza kunieleza. Hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kuandika joto lake. Siwezi kuapa kwamba joto ndilo lililoiharibu dawa ile, kwa maana wako akina mama wanaovuja hata kwa dawa nzuri. Lakini toka siku ile sijapata tena kumdharau mtu wa stoo.

NJIA KUTOKA KITENGELA

Sisi wa Kajiado tuna sababu ya pekee ya kuelewa jambo hili, kwa kuwa bohari kuu ya chanjo za taifa iko kwetu, Kitengela. Tarehe 3 Machi 2021, shehena ya kwanza ya chanjo ya Covid-19, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca, ilipotua uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ilipelekwa huko kabla ya kusambazwa nchini. Chanjo za watoto nazo hupitia huko.

Fuata sasa safari ya kichupa kimoja. Kinatoka kiwandani ng'ambo, kinapanda ndege, kinalala Kitengela kwenye chumba cha baridi, kinakwenda bohari ya eneo, kisha ile ya kaunti ndogo, kisha zahanati, na mwishowe kinaingia kwenye kisanduku cha barafu anachobeba muuguzi. Kila anapokipokea mtu, kuna mlango unaofunguliwa, lori linaloweza kukwama, na umeme unaoweza kupotea. Watu wengi hudhani adui ni joto peke yake. La hasha! Chanjo ya pepopunda, ya homa ya ini aina ya B na ile ya HPV inayokinga saratani ya mlango wa uzazi huharibika zikiganda. Mfanyakazi mwenye nia njema anayezigandamiza kwenye barafu kali amezimaliza, na kwa macho kichupa hakitaonyesha kwamba kimekufa. Dhidi ya joto kuna msaada: tangu 1996 kilianza kutumika kibandiko kidogo chenye mraba ndani ya duara, na mraba huo huzidi kuwa mweusi kadiri chanjo inavyopata joto. Mzazi ana haki ya kuomba aonyeshwe. Mraba ukiwa mweusi kama duara au kulipita, chanjo hiyo haifai.

Kanda yetu iliwahi kuuonyesha ulimwengu mzima uzito wa mambo haya. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, Oktoba 1977, naye alikuwa mpishi wa hospitali. Ugonjwa ule uliokuwa umeua watu kwa maelfu ya miaka ulishindwa kwa chanjo, ndiyo, lakini ilikuwa chanjo iliyokaushwa ili istahimili joto la jangwani, pamoja na sindano rahisi yenye ncha mbili iliyotumia tone dogo tu. Wataalamu walikuwa wameuliza mapema swali ambalo binti wa Embulbul anataka kulisomea: je, kitu hiki kitafika kikiwa kizima?

HESABU ILIYOMKATA MZEE TEMBE

Turudi kwa mzee na tembe zake, kwa kuwa hapa ndipo elimu hii inapogusa mwili wa mgonjwa moja kwa moja.

Tuseme hospitali ina wagonjwa 200 wa kisukari na kila mmoja anameza tembe mbili kwa siku. Hizo ni tembe 400 kwa siku, na 12,000 kwa mwezi. Sasa tuseme mwezi uliopita dawa zilikuwepo siku 20 tu, na siku 10 za mwisho rafu ilikuwa tupu. Mtunza stoo anafungua leja na kuona kwamba mwezi huo zilitolewa tembe 8,000. Anaandika oda ya mwezi ujao: 8,000. Anaona amefanya kazi yake kwa uaminifu, na kwa kweli amenakili kile kitabu kinachosema. Lakini tembe 8,000 zikigawanywa kwa 400 ni siku 20. Mwezi ujao rafu itakuwa tupu tena kwa siku 10, na mwezi unaofuata vivyo hivyo. Wale wagonjwa waliorudishwa mikono mitupu hawakuandikwa popote. Kitabu hakijui kwamba wapo.

Mwanafunzi aliyefundishwa vyema hufanya jambo moja dogo. Hugawanya zile 8,000 kwa siku 20 ambazo dawa ilikuwepo, akapata 400, kisha akazidisha kwa siku 30. Anaagiza 12,000, na juu yake anaongeza akiba ya kungojea lori linalochelewa. Ni hesabu ya darasa la saba. Nimeona wauguzi hodari, wenye uwezo wa kumzalisha mama gizani kwa mwanga wa simu, ambao hakuna aliyewahi kuwaonyesha hesabu hiyo, ilhali ndio walioachiwa kujaza fomu za kuagiza dawa usiku baada ya kuwahudumia wagonjwa.

Iko hatari ya upande wa pili pia. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuwa wamechungulia stoo ya hospitali. Zahanati iliyowahi kuumwa na uhaba huagiza mara mbili ya inachohitaji. Bohari ikiona oda zimepanda ghafla hudhani kuna mlipuko wa ugonjwa, nayo huagiza mara tatu. Miezi michache baadaye dawa zinakwisha muda zikiwa kwenye maboksi, na pesa ambazo zingenunua nyingine zimelala hapo. Katika chuo cha MIT cha Marekani, tangu miaka ya 1960, wanafunzi hufundishwa jambo hili kwa mchezo wa kuigiza biashara ya bia: mmoja ni mwenye duka, wa pili muuzaji wa jumla, wa tatu msambazaji, wa nne mwenye kiwanda, na hakuna ruhusa ya kusemezana ila kwa karatasi za oda. Mahitaji ya mnunuzi hubadilika kidogo tu, lakini kufika kiwandani yamekuwa mawimbi makubwa, huku huyu akilia uhaba na yule akizama kwenye kreti. Mchezo huo huchezwa hadi leo katika vyuo vya nchi nyingi, na wachezaji huishia kulaumiana vilevile. Wasomaji wanaofanya kazi serikalini watautambua bila kuucheza.

KABLA YA KOZI HII

Tusiseme kwamba nchi haikujaribu. Katika miaka ya 1980 Kenya ilijulikana kwa mpango wake wa kupeleka dawa muhimu vijijini kwa masanduku yaliyofungwa, kila zahanati ikipata sanduku la aina moja. Ulikuwa mpango mzuri kwa wakati wake, kwa maana ulipunguza wizi njiani na ulifika mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kupiga hesabu. Lakini magonjwa hayafanani kila mahali. Penye baridi chini ya vilima vya Ngong, malaria si ugonjwa wa kila siku kama ilivyo kando ya Ziwa Victoria, na sanduku halikujua tofauti hiyo. Polepole tukahamia kwenye mtindo wa kila kituo kuagiza kinachohitaji. Mwaka 1986 makanisa yalianzisha MEDS ili kuhudumia hospitali za misheni, na mwaka 2000 serikali ikaanzisha KEMSA, ambayo ilipewa sheria yake mwaka 2013. Mwaka huohuo huduma nyingi za afya zilikabidhiwa kaunti, na kaunti zikawa ndizo zinazoagiza na kulipia.

Tazama kilichofuata. Mtindo wa sanduku haukuhitaji anayejua kukadiria. Mtindo wa kuagiza unamhitaji katika kila kituo. Tulibadilisha mtindo bila kuwasomesha watu wa kutosha. Naongeza kwamba tatizo si elimu pekee: kaunti ikichelewa kulipa, hata bingwa wa ugavi ataagiza hewa. Na mambo ya ununuzi wa vifaa vya Covid-19 yaliyochunguzwa mwaka 2020 yalitukumbusha kwamba mahali penye tenda pana majaribu, na mtu mwenye shahada anaweza kuiba kwa ustadi kuliko asiye nayo. Bunge lilitunga sheria mwaka 2007 inayowataka wanataaluma wa ugavi wasajiliwe na kupewa leseni kupitia chama chao, KISM, ambako wanaweza kuadhibiwa. Sisi madaktari pia tunaye wa kutuadhibu, na hatupendi, lakini hutusaidia.

NILIMWITA BINTI

Nilimwomba mzee amlete binti yake. Alikuja Jumamosi, akakaa ukingoni mwa kiti. Nilimuuliza kwa nini amechagua kozi hiyo. Alisema mama yake anauza mboga sokoni, na tangu utotoni yeye ndiye aliyeamua siku ya Jumatatu wanunue sukuma ngapi ili Jumatano zisimwagwe. Nikaona kwamba huyu alianza masomo yake zamani.

Nilimweleza, na baba yake akisikia, niliyoyapata kwa wenzangu walio katika taaluma hiyo. Shahada ni ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kule Juja kina shahada ya ununuzi na usimamizi wa ugavi, na vyuo vingine vya umma na vya binafsi vina kozi za jinsi hiyo kwa majina mbalimbali. Tanzania iko Taasisi ya Taifa ya Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam, na Uganda iko Shule ya Biashara ya Makerere. Atasoma takwimu, uhasibu, sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015, uchukuzi, utunzaji wa maghala na programu za kompyuta. Anayeogopa hesabu ataumia. Akimaliza na kupenda upande wa afya, Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, kina kituo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinachotoa shahada ya uzamili ya ugavi wa huduma za afya, kwa watu wa nchi zetu zote.

Sikumficha mabaya. Vijana waliosomea ununuzi ni wengi, na kazi si nyingi kama ilivyokuwa wakati kozi hizi zilipoanza. Aidha, katika kozi nyingi za shahada ya kwanza mwanafunzi hujifunza ugavi wa saruji, maua na vipuri, na huenda akamaliza bila kuona friji ya chanjo. Ndiyo maana nilimsihi asingoje mwaka wa mwisho. Aombe mazoezi ya kazini kwenye stoo ya hospitali, hata kama wenzake wanakimbilia bandari ya Mombasa na kampuni za mizigo. Ajue kwa nini dawa inayotangulia kwisha muda ndiyo hutolewa kwanza, hata kama iliingia mwisho. Ajue dawa zipi hulindwa na baridi na zipi hufa kwa kuganda. Ajue pia kwamba mambo hubadilika: sindano iitwayo carbetocin, inayozuia kuvuja damu na kustahimili joto, iliingizwa na Shirika la Afya Duniani kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, na tangu 2016 Rwanda imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege ndogo zisizo na rubani. Hata hivyo, ndege hiyo bado inahitaji mtu aliyepiga hesabu ya chupa ngapi zikae tayari.

Kwa wazazi ambao wanasoma haya na wana mtoto mwenye barua kama ile, ninawaomba mwulize chuo maswali mawili kabla ya kulipa karo: wanafunzi hupelekwa wapi kwa mazoezi, na je, kozi hiyo inatambuliwa na KISM? Majibu ya kusitasita ni majibu tosha.

KWA WEWE UNAYEMEZA DAWA KILA SIKU

Wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, kifafa na wanaotumia ARV, tafadhali msikate dozi ili isogee mbele. Kuna tembe zilizotengenezwa ziachie dawa polepole, na ukizikata unaharibu mpango wote. Rudi kliniki ukiwa na dawa za siku saba angalau. Ukiambiwa zimekwisha, usiondoke kimya. Omba uandikiwe karatasi ya kununua nje, uliza kama kuna dawa nyingine ya kufanya kazi hiyo kwa bei nafuu, na uliza kituo kipi jirani kinayo. Kwa kifafa hasa, kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Insulini isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, mbali na sehemu ya kugandisha. Asiye na friji aiweke ndani ya kichupa kilichofungwa, akitie kwenye chungu kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, kivulini. Njia hiyo ya nyanya zetu hupunguza joto kwa kiasi cha kusaidia. Insulini iliyoganda itupwe hata kama imeyeyuka na inaonekana safi.

Binti alikwenda chuo. Ng'ombe aliyeuzwa alikuwa mmoja, kwa maana sehemu ya karo ilipatikana kwa mkopo wa serikali. Likizo ya kwanza alimchorea baba yake jedwali kwenye karatasi ya daftari la shule: tembe zilizobaki, siku zilizobaki, na tarehe iliyozungushiwa wino mwekundu ya kwenda hospitali.

Mzee alikuja kuniona mwezi jana akiwa na karatasi hiyo mfukoni, mahali palepale palipokuwa na kile kipande cha gazeti. Sukari yake ilikuwa 8. Alikuwa amebakiwa na tembe za siku tisa, na hospitali ilikuwa imempa za wiki mbili badala ya mwezi mzima, kwa kuwa stoo ilikuwa inakaribia kwisha tena. Tulihesabu pamoja mezani, tukapata siku 23, nami nikamwandikia za siku saba azitafute kwenye duka la dawa.